Ufunguo wa Mkwaju

Mafundi walimwita Siafu, na si kwa sababu ya udogo. Alikuwa mrefu wa kugonga kichwa kwenye kila mlango wa muda waliopiga pale kiwanjani. Walimwita Siafu kwa sababu hakai. Asubuhi umemwona kwenye msingi, kabla hujamaliza kumsalimia yuko juu ya jukwaa, ukiinua macho tena yuko getini anagombana na dereva wa mchanga. Chai aliinywa amesimama, simu aliongea anatembea, na ukimpa kiti alikiwekea kofia yake. Na akikuuma kwa maneno, uvimbe wake haukushuka upesi.

Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa ujenzi. Jengo lilikuwa la ghorofa nne, nyumba za kupangisha, chini maegesho ya magari, na pembeni mwa kiwanja mkwaju mmoja wa zamani ulioinamia ukuta wa jirani. Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na nyumba ya ghorofa moja, na huko juu alikaa mama mkwe wake. Jirani yule angekuwa mtu mwingine yeyote, Siafu angekula akashiba na kulala akakoroma.

Mama mkwe alikuwa fundi cherehani. Alikuwa na chumba kimoja kikubwa chini ya bati, kitanda nyuma ya pazia, na cherehani ya kukanyaga mbele ya dirisha linalotazama magharibi. Chumba cha namna hiyo mchana kinaivisha watu, lakini mkwaju ulikuwa umesimama kati ya bati na jua tangu kabla nyumba haijajengwa, na mama mkwe akashona sare za shule za mtaa mzima bila kufuta jasho. Kampuni iliponunua kiwanja, alisema neno moja tu: "Mti huo ukienda, na mimi naenda."

Hakumwambia Siafu. Alimwambia binti yake, binti akamwambia mumewe. Ndivyo walivyoishi miaka yote. Mkwe na mama mkwe walipeana shikamoo na marahaba, wakaulizana habari za watoto, na mengine yote yakapitia kwa mke kama maji kwenye bomba. Siafu hakuwahi kukaa kitako chumbani mle. Husimama mlangoni, akakabidhi mfuko wa matunda, akasema ana haraka, na haraka kweli alikuwa nayo.

Kwenda maana yake ilikuwa kwenda kwa mtoto wake wa kwanza wa kiume, safari ya kutwa nzima kwa basi, kwenye nyumba ambayo yeye na mke wa mwanawe walikuwa paka na panya. Angeacha wateja wake, angemwacha binti yake, angekwenda kuwa mgeni katika jiko la mtu mwingine. Mkewe Siafu alilia aliposikia. Siafu, aliyekuwa ameomba kazi ile kwa ajili hiyo hasa, akajipiga kifua: "Mwambie mama mkwaju hautaguswa. Msimamizi ni mimi." Ahadi ni deni, na hii aliitoa kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watoto.

Bahati nzuri, sheria ilikuwa upande wake. Kibali cha ujenzi kilikuja na masharti ya bustani: maegesho yapandwe miti ya kivuli, udongo mzuri wa juu usitupwe, na mti mkubwa uliopo ulindwe mpaka mwisho wa kazi. Mkaguzi wa miti alifika kabla ya kijiko cha kwanza cha msingi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye futi ya utepe kiunoni. Aliuvuta utepe kutoka shinani hadi kwenye ncha ya tawi la mwisho, akaongeza hatua, akachomeka kijiti.

"Uzio unapita hapa," alisema.

Injinia, mwakilishi wa mwenye mali, alikohoa. "Hapo? Shina si liko kule?"

"Shina halina shida, shina linajitetea. Tunazungushia mizizi. Mizizi inafika yalipofika matawi, na zaidi, na iko juu juu, hapa chini ya kiatu chako."

Injinia alisogeza kiatu. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza tu: "Na ukifa wenyewe, ugonjwa au uzee?"

"Ukifa, mnapanda mitatu michanga badala yake."

"Mitatu michanga inaenea kwenye kona ile, na hapa magari yanaegeshwa."

"Inaenea. Kivuli chake mtawaachia wajukuu."

Siafu aliyasikia yale maneno ya kona, akayaweka moyoni. Toka siku hiyo hakumwamini Injinia hata alipomsalimia.

Mkaguzi alisema uzio uwe wa waya, ili mtu aone ndani. Lakini Siafu alikuwa na rundo la mabati yaliyotoka kwenye banda walilobomoa, na waya ungeletwa wiki ijayo, na wiki ijayo kwa Siafu ilikuwa mbali kama kiama. Akapiga mabati siku hiyohiyo, marefu kumzidi yeye, na mlango mmoja upande wa nyuma, kwenye kichochoro kati ya uzio na ukuta wa jirani. Mkaguzi aliporudi alikunja uso. "Nilisema waya."

"Mama, waya mtu anaukata. Haya hayapitishi hata panya."

Mkaguzi alicheka bila kutaka, akayapitisha.

Siku hiyo Siafu aliwakusanya mafundi wote mbele ya uzio. Akatundika kufuli, akaukabidhi ufunguo kwa mtunza stoo, mtu mnene mpole aliyekuwa mwaminifu hadi kuudhi, ambaye wenzake walishamwita Kufuli zamani. "Sikilizeni," Siafu alisema, akitembea mbele yao kutoka mwanzo hadi mwisho wa mstari. "Humu haingii mtu. Haingii fundi, haingii Injinia, haingii mwenye mali. Hata mimi. Kufuli, hata mimi ukiniona nataka kuingia, nifukuze."

Mafundi walicheka. Juu, nyuma ya ukuta, cherehani ilikuwa imenyamaza. Siafu aliinua macho, akaona pazia la dirisha limesogea, akajisikia mwanaume.

Miezi ikaenda. Msingi ukapanda ukawa nguzo, nguzo zikabeba sakafu. Mwanzoni wezi waliwasumbua, nondo zikapungua, mifuko ya saruji ikatembea kwa miguu yake, na Siafu akawa anamtukana kila mtu hadi mbwa wa mlinzi. Halafu wizi ukakoma ghafla. Hakukupotea tena hata mfuko mmoja. Asubuhi Kufuli aliileta saruji kwa toroli kutoka nyuma, kavu, haina donge. Siafu alimsifu mbele ya watu. Hakumuuliza ameiweka wapi, maana baraka haiulizwi inatoka mlango gani.

Kila siku, kabla ya chai, Siafu aliuzunguka uzio. Akagonga bati kwa kifundo cha kidole, akavuta kufuli, akaona limeng'ang'ania, akaondoka ameridhika. Huo ndio uliokuwa ukaguzi wake.

Kisha mvua zikaja. Miti yote ya mtaa ikanenepa, hata mchongoma wa kanisani ukapendeza, na mkwaju ukaanza kupukutisha.

Aliviona kwanza kwenye kofia yake: vijani vidogo vya njano. Akavipuliza. Kesho yake vilikuwa kwenye chai. Akainua uso, akaona tawi kubwa la upande wa ukuta limepauka, na kupitia hilo tawi akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona akiwa pale chini, kipande cha bati la nyumba ya mama mkwe kikimeta juani.

Siku ile Siafu hakunywa chai hata kwa kusimama.

Alitafuta mchawi. Kwanza ilikuwa mchwa. Akachunguza ukuta wote wa jirani akiinama na kuinuka, akapata sisimizi wawili wenye shughuli zao. Pili ilikuwa mfereji wa mpangaji wa chini, mama wa kufua nguo, anayemwaga maji ya sabuni. Akaenda akamhoji yule mama mpaka yule mama akamuuliza kama anataka afue nguo bila sabuni. Tatu ilikuwa Injinia, na hapa Siafu aliganda. Kila alikokwenda Injinia, jicho la Siafu lilikwenda. Akimwona amesimama karibu na uzio, naye anapata kazi karibu na uzio. Siku moja Injinia alitupa chupa chini ya bati, na Siafu, mtu mzima mwenye mke na watoto, aliinyemelea, akainusa, akatia kidole akalamba. Ilikuwa juisi ya embe. Fundi wa rangi alimwona, na kabla ya mchana jengo zima lilikuwa linaulizana kama msimamizi ana kiu.

"Unapukutika, eh?" Injinia alimwambia jioni moja, akiutazama mkwaju kwa huruma ya mtu anayepita msibani. "Uzee huo."

"Mkwaju hauzeeki hivyo," Siafu alijibu. Alikuwa na hasira, lakini zaidi alikuwa na hofu, na hofu hiyo hakuwa na pa kuipeleka.

Nyumbani akawa hakaliki naye. Anainuka mezani na tonge mkononi kwenda kuangalia kama geti limefungwa. Anawauliza watoto swali, hangoji jibu. Na kila mkewe alipotoka kwa mama yake, Siafu alimdaka mlangoni.

"Mama anasemaje?"

"Hasemi kitu."

"Kuhusu mti?"

"Nimekwambia hasemi kitu. Anashona."

Kunyamaza kule kulimuuma kuliko matusi. Wiki zikapita, tawi likabaki vijiti, la pili likaanza. Hadi siku moja mkewe alirudi akiwa hajavua hata kanga ya kichwani, akakaa kwenye ngazi ya mlango.

"Mama ameshusha sanduku," alisema.

"Sanduku gani?"

"La juu ya kabati. Anakunja vitambaa vya watu, anawarudishia. Amempigia kaka simu, mwisho wa mwezi anaenda." Alimtazama mumewe kwa muda. "Nakuuliza, na unijibu mimi mkeo. Wamekuambia uuache ufe?"

"Nani ameniambia?"

"Hao wenye jengo."

Mke wake mwenyewe alimuuliza swali hilo. Siafu alivaa viatu, akavua, akavaa tena.

Kesho yake mchana, mafundi walipokwenda kula, alipanda ngazi za jirani mbili mbili. Alikuta mlango wazi. Joto lilimpokea kabla ya mama mkwe; lilitoka mlangoni kama limefunguliwa sufuria. Mama mkwe alikuwa amesogeza cherehani hadi ukuta wa ndani, kitambaa chenye maji kimelala begani, na sanduku liko sakafuni limefunguka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo." Alisimama palepale kizingitini alipozoea kusimama. "Mama, nimekuja kuhusu mkwaju. Sijui unaumwa nini. Nimetafuta, naapa nimetafuta. Nimetafuta hadi nimechekwa."

Mama mkwe aliendelea kukunja gauni la mtu, mkono kwa mkono, ukosi juu. "Si vizuri kuapa," alisema.

"Ni kweli lakini. Sijui."

Hapo alinyanyua uso. Alimtazama muda mrefu, jinsi anavyotazama mshono wa fundi mwingine, akitafuta uzi umeanzia wapi kuachia. Kisha akaonyesha kwa kidevu. "Dirisha lile pale. Tazama mwenyewe."

Siafu alivuka chumba. Kutoka pale dirishani, juu ya ukuta, juu ya mabati yake marefu, aliona ndani ya uzio kwa mara ya kwanza tangu aufunge; upande wa jengo matawi yalikuwa bado mazito, yakimziba hata aliye juu ya jukwaa.

Ilikuwa stoo. Ilikuwa stoo nzuri kabisa. Kuzunguka shina, kutoka bati hadi bati upande wote wa ukuta, kulikuwa na sakafu ya zege, laini, imepigwa mwiko na mtu anayejua kazi. Juu ya sakafu, mbao. Juu ya mbao, saruji imepangwa mfuko juu ya mfuko, imefunikwa turubai, na turubai limefungwa kwenye tawi la chini kwa kamba. Pembeni pipa la dizeli ya mashine ya zege, na chini ya bomba lake doa jeusi lililotambaa hadi ukingoni mwa sakafu na kuingia ardhini.

"Walimwaga siku ile uliyokwenda shule kwa mtoto," mama mkwe alisema nyuma yake, kwa sauti ya kawaida. "Walishindilia kwanza. Nikasema, haya, ameamua. Mtu ana kazi yake, ana wakubwa wake. Nikasema ndiyo maana aliweka mabati badala ya waya, anaona haya nisione. Mabati mafupi lakini. Nikakuonea huruma."

Siafu hakugeuka, kwa sababu hakutaka mama mkwe aone uso wake. "Kwa nini hukumwambia mwanao aniambie?"

"Nikuambie nini? Nikamwombe mkwe wangu kivuli?"

Alishuka zile ngazi hata hajui ameagaje.

Kufuli alikuwa amekaa nje ya kontena la stoo anakula. Siafu alinyoosha mkono. "Ufunguo."

"Upi, bosi?"

"Wa mkwaju."

Kufuli aliacha kutafuna. Akanyanyuka, akajipangusa, akajiweka vizuri kati ya Siafu na njia ya kichochoro. "Huo hapana, bosi. Ulisema hata wewe."

Mafundi waliokuwa karibu waliinama kwenye sahani zao, mabega yanatikisika. Siafu alitaka kumkaba. Mikono yake ilishaanza safari. Lakini alimwona yule mtu mnene macho yamemtoka, anaogopa na hasogei, anatii amri neno kwa neno, na amri ni ya nani? Kikulacho ki nguoni mwako. Mikono ikarudi chini.

"Fungua wewe, basi," alisema. "Fungua, mimi nisimame nje."

Kufuli alifungua. Alieleza huku akisugua kufuli kwa upindo wa shati. Kontena lilikuwa linavuja na wezi walikuwa wanalijua. Humu ndani haingii mtu, hata Injinia, hata msimamizi, kuna mahali gani salama kuliko hapa? Na saruji haikai kwenye udongo, itakula unyevu, kila mtunza stoo anajua. Basi akaomba mafundi wawili wammwagie sakafu nyembamba. Zege lililobaki, bosi, lingetupwa. "Sijapoteza mfuko hata mmoja," alimalizia, na Siafu akasikia ndani ya sauti ile kwamba mtu huyu alikuwa anangoja kushukuriwa.

Na shukrani zilikuja, ila kutoka kusikotarajiwa. Injinia alikuwa amevutwa na ukimya wa mafundi. Alichungulia mlangoni, akaona sakafu, akaona pipa, akaona matawi. Akampigapiga Siafu begani. "Kumbe ulikuwa unajua unachofanya," alisema polepole. "Sikukudhania. Acha hivihivi, miezi miwili hii itaisha kazi yenyewe. Mkaguzi akija, tunamwambia uzee."

Siafu alijisikia vibaya kuliko alivyowahi kujisikia tangu awe mtu mzima. Mama mkwe, mke, na sasa huyu, wote watatu walikuwa wameamini kitu kilekile juu yake, na mmoja wao kilimfurahisha. Alitoa simu mfukoni. Alikosea namba, akarudia.

"Mama mkaguzi? Ni mimi wa ile nyumba ya mkwaju. Njoo. Hapana, hakuna aliyeukata. Nimeumwagia zege."

Injinia alimtazama kama mtu aliyejimwagia mafuta ya taa. Kisha akaondoka kwenda kupiga simu zake.

Mkaguzi alikuja kabla jua halijapoa. Aliingia peke yake, akachuchumaa, akagonga sakafu kwa kifundo cha kidole kama Siafu alivyokuwa akigonga bati, akanusa udongo wa penye pipa. Kisha akasema, "Na mimi nililipitisha bati," na hilo lilikuwa lote alilosema kuhusu nani alaumiwe siku ile.

Kazi ya jengo ilisimamishwa hadi sakafu iondoke. Na sakafu haikuondolewa kwa mashine. Mkaguzi alikataza hata sururu. Ilikuwa patasi na nyundo, kipande kwa kipande, vikibebwa kwa mikono juu ya mbao zilizotandikwa ili mtu asikanyage udongo. Udongo wenye dizeli ukachotwa kwa vikombe kutoka kati ya mizizi. Uliobanwa ukalegezwa kwa uma, taratibu. Kisha maji kidogo kidogo, na juu ya yote blanketi nene la majani makavu. Kufuli alipiga magoti na kufanya kazi bila kuongea. Siafu alipiga magoti pembeni yake. Haikuwa kazi ya mtu wa haraka. Kila alipotaka kuvuta kipande kwa nguvu, mkaguzi alimwambia, "Polepole, huo mzizi," na yeye akaanza tena, na miguu ikamfa ganzi, na alikuwa na hamu ya kuinuka kukimbia popote. Hakuinuka.

"Upande wa huku nina matumaini nao," mkaguzi alisema walipomaliza, akionyesha kwenye jengo. "Upande wa ukuta matawi yamekufa. Yashuke kabla hayajaangukia bati la watu."

"Upande wa ukuta ndio tunaoutaka," Siafu alisema.

"Najua. Mizizi yake ndiyo mliyoifunika."

Matawi yalikatwa siku ya jua kali. Lilipoanguka la mwisho, mwanga ulipanda ukutani mwa nyumba ya jirani, ukaingia dirishani bila kizuizi, ukafika hadi nyuma ya pazia la kitanda. Siafu alikuwa chini na kamba mkononi. Aliusikia ule ukimya wa cherehani. Alijua amekosa na hakuna namna ya kuurudishia mti ule mkono wake.

Jioni mkewe alikuja na ujumbe, kama kawaida. "Mama anasema uondoe mabati, uweke waya."

"Na safari?"

"Hakusema habari za safari. Kasema waya."

Siafu aliweka waya. Mara hii aliungoja ufike, siku tatu nzima, akizunguka gunia la misumari, na mafundi wakashuhudia jambo jipya. Uzio ukawa wazi, kila apitaye akiona majani makavu, shina, na mti wa upande mmoja umesimama kama mtu aliyenyolewa akaachwa katikati. Kufuli alirudisha ufunguo, alisema hauwezi tena. Siafu akautia mfukoni, naye pia hakuupenda.

Mwisho wa mwezi ukafika. Hakuthubutu kuuliza. Asubuhi hiyo alifika kiwanjani mapema, akauzunguka uzio, na akiwa upande wa kichochoro aliona kitu shinani, juu kidogo ya jeraha la tawi lililokatwa, upande uleule wa ukuta. Kilikuwa chekundu, kidogo kama ncha ya kiberiti. Akashika waya, akakaza macho. Hakuona vizuri. Akaenda kulia, akaenda kushoto. Kilikuwa chipukizi au mdudu? Akatoa ufunguo, akafungua, akatia mguu mmoja ndani ya majani, kisha wa pili, akajinyoosha.

"Wewe."

Alisimama na mkono hewani. Sauti ilitoka juu.

"Ndiyo, wewe. Toka humo."

Mama mkwe alikuwa dirishani, futi ya kupimia nguo imening'inia shingoni, kiganja kimekinga macho. Alikuwa hajamtuma mtu. Alikuwa anazungumza naye yeye, kwa mdomo wake, mafundi wote wanasikia.

"Mama, naangalia tu, nadhani kuna chipu—"

"Nimeshaliona, lina wiki. Unakanyaga mizizi. Si wewe uliyesema hata wewe ufukuzwe? Basi nakufukuza. Toka."

Siafu alitoka kinyumenyume, akiweka miguu palepale ilipoingilia. Mafundi hawakujificha tena kwenye sahani, walicheka wazi, na Kufuli alicheka kuliko wote. Akafunga kufuli, akalivuta, likang'ang'ania.

"Na huo ufunguo niletee mimi," mama mkwe alisema. "Wewe mwenyewe ulete."

Alipanda ngazi, safari hii moja moja. Mlango ulikuwa wazi. Chumba kilikuwa na joto bado, ila nusu ya dirisha ilikuwa imezibwa na pazia jipya la kitambaa kizito cha sare za shule, na nusu nyingine iliachwa, pale penye kuona uzio. Cherehani ilikuwa imerudi mbele ya ile nusu. Alitafuta sanduku sakafuni, hakuliona. Lilikuwa juu ya kabati.

Alinyoosha ufunguo kutoka kizingitini. Mama mkwe hakuupokea. Alisogeza nguo za wateja kutoka kwenye kiti, akakipangusa kwa kiganja.

"Kaa," alisema.

Siafu aliangalia saa, akaangalia ngazi. Chini walikuwa wanamwita, dereva wa mchanga amefika. Kisha akaingia, akakaa.